Banda la Bibi Lililotembea

Juzi, stendi ya Lamadi, nilimenya yai la kuchemsha nikakuta kiini kimepauka kama uji wa mgonjwa. Nikacheka peke yangu. Rafiki yangu, wewe hukuyaona mayai ya bibi yangu kule Migato, kiini chekundu kama jua linapochomoza.

Kuku wake walilala kwenye banda lisilo na sakafu, la fito na wavu chakavu wa wavuvi wa Nassa. Kila asubuhi ya kiangazi, kabla ya chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mimi na bibi tulilivuta kwa kamba mbele kidogo. Kuku walitembea humo humo ndani, wakigombea panzi na kuchakura kinyesi cha ndama waliotangulia kula hapo.

Shida ilikuwa mahali penyewe. Ile ilikuwa ngitili, malisho tunayoyafunga wakati wa mvua ili ndama wapate majani kiangazi. Babu alipoona banda limeacha ardhi tupu, alikuja juu.

"Hapa umelima, hujafuga. Na majani ya kinyesi cha kuku ndama hawagusi. Siku ya kufungua ngitili wakiyakataa, kuku wako wote mchuzi."

"Basi andaa na ugali, mzee," bibi akamjibu, huku anavuta.

Alicheka, lakini usiku ule alinikumbatia kwa nguvu. Kuku ndio walikuwa mali yake pekee. Ng'ombe wote wa babu.

Mvua zikaja, zikaisha. Siku ya kufungua, majirani walijaa kwenye lango la ngitili kutazama. Ndama wakaingia mbio, wakayapita majani yote ya pembeni, wakainamisha vichwa palepale banda lilipopita, kwenye mkanda mrefu wa kijani kizito. Fimbo haikuwatoa.

Bibi alipiga vigelegele mpaka kanga ikamdondoka.

"Mzee, mchuzi wangu uko wapi?"

"Nimeshiba," babu akasema, na majirani wakaanguka kwa kicheko.

Asubuhi iliyofuata tulimkuta keshashika kamba. "Mwangaluka," akatusalimu, bila kututazama. "Leo tunaelekea wapi?"

Ngitili ile sasa ni viwanja na nyumba za bati, na wenyewe wawili wamelala chini yake, upande wa mashariki. Mimi shule niliiacha mapema, sijakaa mji mmoja mpaka nikauzoea. Lakini popote ninapoamka namsikia yule mzee, ameshindwa, ameshika kamba, anamuuliza bibi njia.