Kijiti cha Ufagio

Wiki iliyopita nilipita nyuma ya shule yetu ya zamani, beseni la mikate ya kukaanga kichwani, nikasikia rula ikipiga meza: ta! Nikasimama. Vidole vya mkono wangu wa kulia vilijikunja vyenyewe, kama bado vimeshika chaki.

Kama ulisoma shule za hapa Kamina, sauti hiyo unaijua. Mwalimu anauliza swali. Rula ya kwanza, unaandika jibu kwenye kibao chako. Rula ya pili, vibao juu! Hakuna kusema neno. Kwa mtoto mwenye haya kama nilivyokuwa, ilipaswa kuwa raha. Lakini mkono wangu ulikuwa mzito. Herufi nilizipanga moja moja, kama mtu anayepanga mayai. Wenzangu wakiinua “Mto Lualaba”, mimi niliinua “Mto Lu”. Wakaniita Kobe.

Tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa sababu baba alikuwa akikaza vifungo vya njia. Alfajiri nyumba ilinuka moshi wa makaa na samaki mkavu wa Kinkondja, ambaye Nkambo, ndivyo tulivyomwita bibi, alimloweka tangu usiku. Kazi yangu ilikuwa kufagia kiwanja kabla ya shule. Nikimaliza, nilichomoa kijiti kimoja cha ufagio nikaenda nacho. Njiani nilivuka ile reli ya pembeni ambayo treni hazikupita tena, nikachokoa kwa kijiti changu nafasi ndogo pale ncha ya chuma kimoja inapokutana na ncha ya kingine, kwenda na kurudi. Sikumwambia mtu. Nkambo aliona, akawaambia majirani, “Huyu mutoto anaongea na macho,” akacheka.

Msimu mmoja wa baridi, nikiwa darasa la tano, alikuja mwalimu mpya, mke wa askari wa kambi, kutoka mbali kule wanakoongea Lingala. Mkurugenzi wa shule akatangaza kwamba kila Jumatano mchana mama huyo atafundisha darasa la watoto wenye vipaji, katika chumba kilichokuwa stoo. Nafasi zilikuwa chache. Tulisikia ana kioo kinachofanya mguu wa sisimizi uonekane kama mguu wa mbuzi. Nilikitamani kioo kile hadi nikakiota. Lakini nilijua jinsi shule inavyochagua: vibao juu. Nilijua pia kibao changu.

Jumatano ya kwanza tulijaribiwa wote. Mwalimu alichukua rula, akaiweka juu ya kabati.

“Leo siulizi,” alisema. “Leo munaniuliza ninyi. Kila mumoja aandike kitu anachotaka kujua kweli.”

Vibao viliinuka haraka, hata bila rula. Mji mkuu wa Brazili? Saba mara nane? Alijibu kimoja baada ya kingine. Kisha akamgeukia mtoto wa jirani yetu, aliyekuwa wa kwanza kila mwaka.

“Saba mara nane hukujua?”

“Ninajua, mwalimu.”

“Basi unaniuliza ya nini?”

Mvulana akatazama kibao chake kana kwamba kimeandikwa na mtu mwingine. “Lakini mwalimu, swali la shule njo lile lenye jibu.”

Mimi nilikuwa bado naandika. Sauti ikatoka nyuma: “Mwalimu, ule njo Kobe! Tutalala hapa!”

“Nani amekuambia nimeacha sufuria kwenye moto?” mwalimu akajibu. Akachuchumaa kando yangu, nikasikia harufu ya sabuni kwenye kitenge chake. “Malembe, mama,” aliniambia kwa Lingala. Polepole. “Malembe.”

Nilijaza upande mmoja, nikageuza kibao, nikaendelea. Nilipomaliza alikisoma mara mbili, kisha kwa sauti: “Kwa nini kijiti cha ufagio kinaingia kati ya reli mbili asubuhi, na saa sita kinakataa?”

“Haya,” akasema. “Twende tuone.”

Tulitoka wote, jua kali juu ya utosi. Nilipiga magoti kwenye ile reli ya pembeni nikasukuma kijiti. Kilikataa. Wakacheka: “Kimekula bukari, kimenenepa!” Mmoja akasema, “Kobe iko na bongo, anatudanganya. Hakijapata kuingia hata siku moja.” Machozi yalinijaa. Nafasi yangu ilikuwa imekwisha, na sasa nilikuwa mwongo pia. Mwalimu alisema tu tukutane hapo kesho alfajiri, kabla ya kengele.

Walikuja. Baridi ilikuwa inauma, pumzi zetu zilitoka kama moshi. Nilipiga magoti tena. Kijiti kikaingia, chote, mpaka vidole vyangu vikagusa chuma.

Kisha mtoto wa jirani akajipiga kofi kwenye paji la uso. “Dilatasio! Tuliikariri ile! Chuma kikipata joto kinatanuka!” Akaninyang’anya kijiti, akakimbia kukijaribu kila mahali reli zinapokutana, akipiga kelele kila kilipoingia.

Mwalimu akavuta sweta lake. “Jumatano uje na kijiti chako,” aliniambia.

Niliitikia kwa kichwa tu. Lakini mchana huo nilimsimulia Nkambo yote, kwa sauti, hadi akaniomba ninyamaze kidogo amalizie chai yake.

Darasa halikudumu. Mvua zilizofuata mume wake alihamishwa, na chumba kikarudia magunia ya mahindi. Mimi niliishia darasa la sita. Nkambo hayupo tena, na reli ile imemezwa na nyasi. Lakini mguu wa sisimizi niliuona. Una vinyweleo.

Haya yote niliyakumbuka nikiwa nimesimama nyuma ya shule. Watoto wakatoka mbio. Wa mwisho alikuwa mdogo wangu, sasa yuko darasa la tano, kibao amekikumbatia tumboni.

“Rula ilinipita, yaya,” alisema, ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa.

“Jibu lako uko nalo?”

“Niko nalo. Lakini ni refu.”

Nilishusha beseni. Nikaokota kipande cha chaki chini ya dirisha, nikampa.

“Malembe,” nikamwambia.

Akaegemea ukuta, akatoa ulimi kidogo pembeni mwa mdomo, akaanza kuandika. Mikate ilikuwa inapoa. Nikakaa chini kumngoja.