Nyumba Isiyoonekana Kutoka Mlangoni

Mdogo wangu alinunua kiwanja Nkende, pale Tarime mjini, akashusha mawe na mchanga, kisha akaacha. Mvua zikaja zikaondoka. Nyasi zikaota juu ya mchanga, kuku wa majirani wakaugeuza mahali pa kuogea vumbi. Waliopita walidhani fedha zimemwishia. Fedha alikuwa nazo. Aliyekuwa anamsubiri ni mimi.

Katika ukoo wetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Anaweza kuoa, anaweza kupanga chumba mjini na kuweka makochi ndani, hakuna atakayemsema. Lakini msingi wa nyumba yake mwenyewe hauchimbwi mpaka mkubwa wake awe amewasha moto katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Na mimi, pamoja na mvi hizi zilizoanza kunitoka kidevuni, sikuwahi kujenga. Nilikuwa bado naishi Machochwe katika nyumba ya baba.

Baba alitangulia, mama akamfuata kabla ya mavuno mengine. Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu alikuja nyumbani kuniita, akanikuta nakoroga uji wa wadogo zangu wawili, akakaa kidogo, akaondoka bila kusema alichokuja kusema. Tangu siku hiyo nyumba ile ndiyo iliyotushika. Nilizoea kuiziba nyufa kila kiangazi na kubadilisha nguzo zilizoliwa na mchwa. Mdogo wangu wa kike aliolewa kutoka mlango ule. Wa kiume aliondoka pale kwenda kujifunza kuchomelea vyuma. Mimi nilipooa, nilimleta mke wangu mle mle, akapokea mwiko wa mama na chungu cha mama. Baba na mama wamezikwa ubavuni mwa nyumba, hatua chache kutoka dirishani.

Siku moja ya Jumapili tulikutana Mugumu kwa dada yetu, ambaye ana cherehani yake karibu na soko. Tulitoka kanisani, tukala, halafu mdogo wangu akaweka glasi chini.

"Kaka, leo tuseme. Unataka kuishi wapi?"

"Naishi."

"Unakaa. Kuishi ni kitu kingine. Njoo Nkende. Maji ya bomba, umeme, ukitaka sukari ya Kenya unafika Sirari na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nitakukatia kipande kwenye kiwanja changu."

Dada alicheka. "Na huko Nkende atalima nini, mageti yako? Kaka, njoo hapa Mugumu. Hospitali ile pale. Mabasi ya Musoma yale pale. Ukiumwa tunakufikisha kwa miguu."

"Kwa hiyo unamchagulia mahali pa kuumwa."

"Wewe nyamaza. Mahali pazuri pa kuishi duniani ni pale ambapo ukianguka mtu anasikia."

"Machochwe wanasikia," nikasema.

"Wanaosikia ni tembo," mdogo wangu akasema. "Kaka, wewe na tembo mmekuwa majirani wa kuombana chumvi. Kila mwaka unalima, wao wanavuna."

Tulicheka wote, kwa sababu ilikuwa kweli. Kisha akainamisha kichwa, na nikaona kwamba amezeeka kidogo. Ana watoto watatu katika vyumba viwili vya kupanga.

"Kaka, sikulazimishi," akasema. "Lakini kama huwezi kuchagua, simamisha hata kibanda. Nguzo nne na bati mbili kwenye kiwanja changu. Shemeji aje achemshe chai, moshi utoke, wazee waone. Kesho yake unarudi kwako na mimi nachimba msingi. Wengine wanafanya hivyo."

Ni kweli, wengine wanafanya hivyo. Nikiwa njiani kurudi nilipita kwa baba mdogo, ndugu wa baba aliyebaki, kumuuliza. Nilimkuta anakwangua mpini wa jembe kwa kipande cha chupa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Umekuja kwa lile la kibanda."

Habari zilikuwa zimenitangulia kwa simu. Alisema hakatai. Kibanda ni nyumba, kama kimepata moto wako. "Ila ujue unachofanya. Kikipata moto, ndicho kwako. Hakuna cha kujifanya. Siku ukifa watakulaza hapo, hata kama kibanda chenyewe kimeshaoza. Ukitaka kulala kwenye uwanja wa mdogo wako, katikati ya vyuma vyake, mimi sina neno."

Nilifika nyumbani jioni. Mke wangu alikuwa jikoni, anapuliza moto. Nilimweleza yote: Nkende, Mugumu, kibanda, maneno ya baba mdogo. Nikamwambia pia jambo ambalo wadogo zangu sikuwa nimewaambia. Nyumba isiyowashwa moto haichukui muda kuanguka. Mchwa wanaingia, mvua inaingia. Nikiwasha moto wangu popote pengine, hii ya baba itaanguka, na wazazi wetu watabaki peke yao ubavuni mwa kitu kilichoanguka. Ndiyo maana miaka yote hiyo nilikuwa sijengi. Wao walidhani sijapata mahali.

Alinisikiliza hadi mwisho. Mke wangu ni mtu wa upande wa Nata, hana haraka ya kujibu.

"Mmekaa Mugumu siku nzima mkijadili mahali pazuri pa kuishi," akasema. "Aliuliza mtu mimi napataka wapi?"

Nilivuta kigoda, nikakaa.

"Mwenzangu, mama yako sikumwona. Lakini napika kwenye mafiga yake. Ufagio nauweka pale alipouweka, kwa sababu siku ya kwanza nilipouweka kwingine, wifi aliutazama tu, akauhamisha. Hakusema neno. Mimi pia sikusema. Nataka mahali ambapo nikisogeza figa, sijioni nimemkosea mtu. Nkende au wapi, si kitu kwangu. Hata hapa hapa kwenye shamba. Lakini pawe pangu."

Nilikuwa nimelea watoto wa mama yangu, na watoto wangu, katika nyumba ile, na siku zote nilijiona kama mtu anayewakinga wote. Sikuwa nimefikiri kwamba mmoja wao amekuwa mgeni humo tangu arusi.

Asubuhi nikamwambia twende achague. Shamba letu linapanda mwinuko kuelekea upande wa hifadhi, wanakotoka tembo. Nilimwonyesha kwanza pale tambarare karibu na kijito. Akakanyagakanyaga, akasema pana unyevu. Nikamwonyesha chini ya miti, mahali ambapo baba alikuwa amesema siku moja kwamba pangefaa. Nilipomtaja baba tu, akasogea mbele. Tulipanda hadi ng'ambo ya mwinuko, kwenye mawe ambako hata mtama haukubali. Hapo akasimama.

"Hapa."

"Hapa ni mawe. Maji yako mbali. Upepo wote wa hifadhi unapiga hapa."

"Nani aliwahi kupapenda?"

"Hakuna."

"Basi hapa."

Niligeuka kutazama tulikotoka ili nipime mlango uelekee wapi, na ndipo nilipoona. Kutoka pale nyumba ya baba haionekani. Mwinuko unaificha yote, bati na miti na makaburi. Nilimtazama.

"Hata moshi wake hauonekani," nikasema.

"Nimeona. Nilipaona siku nyingi, wakati wa kuokota kuni." Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Ukitaka kwenda kuwaona, utapanda na kushuka. Siyo mbali. Lakini asubuhi ukifungua mlango, uanze kutuona sisi."

Nilikaa juu ya jiwe. Sikumbuki kama nilifikiri. Nakumbuka nilikuwa natazama mikono yake, ina makovu ya moto ya jikoni kwa mama, na nakumbuka kwamba hakuniharakisha. Mwishowe nilisimama nikaanza kung'oa mawe madogo mahali ambapo nguzo ya kwanza ingekaa.

Mdogo wangu alikuja kutoka Nkende na mlango wa chuma aliouchomelea mwenyewe, umefungwa juu ya pikipiki kama mgonjwa. Alipofika juu akavua kofia.

"Kaka! Katika dunia nzima, umechagua mawe?"

"Shemeji yako amechagua."

"Shemeji, utalisha watu kokoto?"

"Wewe utapewa ya kwanza," mke wangu akamjibu. "Sogeza huo mlango."

Siku ya moto, mke wangu alipanga mafiga matatu aliyoyaokota palepale. Aliyapanga, akayatazama, akasogeza moja, akalisogeza tena. Hakuna aliyesema kitu, hata dada. Baba mdogo alisubiri moshi utoke kwenye paa, akakohoa, akasema sawa. Mdogo wangu alitoka nje, akapiga simu kwa mafundi wake, na nilimsikia anavyoongea haraka, kama mtu anayeogopa neno litarudishwa. Wiki ile ile walichimba msingi Nkende.

Sasa ameshahamia. Tunakwenda kumsalimia, na kila tunapokaa kwenye ukumbi wake anasema bado kuna kipande kimebaki pembeni, kama nikichoka na kokoto.

Masika iliyopita niliteremka kufyeka nyasi kwenye makaburi. Ukuta wa magharibi wa nyumba ya baba ulikuwa umelala chini, na kupitia pale palipoanguka niliona jiko, jeusi bado, na maji ya mvua yametuama ndani yake. Udongo ulikuwa umelainika vizuri, wa kuziba. Nilishika tope mkononi, kwa mazoea tu. Nikalikanda kidogo. Kisha nikaliweka chini, nikanawa kwenye maji yale yale ya mvua, nikamaliza kufyeka. Nikapanda mwinuko kurudi nyumbani.