Alama ya Tarumbeta Ukutani

Karakana ya shule yetu pale Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, ilikuwa na mlango mmoja, na mwalimu aliufunga kwa kufuli kutoka ndani. Hakufanya hivyo kwa ukali. Muhula wa kwanza vifaa viliibwa, vikaonekana sokoni ng'ambo ya mpaka, na tangu hapo sheria ikawa moja: hatoki mtu mpaka kila kifaa kirudi mahali pake ukutani. Ili pasiwe na ubishi, alinituma mimi, kwa kuwa nilipenda kuchora, nikichoree kila kifaa kivuli chake ukutani kwa rangi nyekundu. Msumeno ulikuwa na kivuli chake, randa chake, nyundo chake, patasi kila moja na chake. Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, sote tuligeuka kuutazama ukuta. Kivuli kimoja kikiwa kitupu, bado tuko ndani.

Tulikuwa na masomo matatu ya mikono: useremala, muziki na uchoraji. Mwalimu alikuwa mmoja kwa yote matatu, na chumba kilikuwa kimoja. Alikuwa mtu wa Butembo. Mapadri walimfundisha useremala, kisha vita vya kwao vikamvusha mpaka pamoja na mke wake na sanduku la randa. Tulimwita Masta. Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo, na hakuanza kupasua ubao wowote kabla ya kufanya ishara ya msalaba.

Katikati ya misumeno lilining'inia tarumbeta la shule, kuukuu, lenye kovu ubavuni. Nalo nililichorea kivuli: chembamba, kirefu, kimepanuka mwishoni kama ua la boga. Nilimuuliza Masta kwa nini likae na vifaa vya useremala.

"Iko chombo ya kazi," alinijibu. "Ikipotea, tunalala humu."

Aliyelipiga alikuwa kaka yangu. Alinizidi umri, lakini alirudia darasa, na hivyo tukajikuta dawati moja. Nyumbani hakuwa na maneno mengi. Asubuhi, bendera ilipopandishwa, alisimama kando ya mlingoti na kupuliza, na wanawake waliokuwa wakishuka na ndizi kwenda sokoni walisimama njiani na mizigo vichwani. Hawakuiweka chini. Walisimama tu mpaka amalize. Nimewahi kuona watu wakisimama hivyo kanisani, si kwingine.

Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yenyewe, maana sauti ilifika barabarani, na barabara ile ilikwenda mpakani, na miaka ile ya sabini waliopita barabarani kwa wingi walikuwa wanajeshi.

Jumatatu moja gari la jeshi lilisimama nje ya ua wakati wa bendera. Ofisa aliyekuwemo hakushuka. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwita mwalimu mkuu dirishani, wakazungumza kidogo, gari likaondoka. Mwalimu mkuu alikuja karakana mchana akiwa amevaa koti, ingawa jua lilikuwa kali.

"Kambi ya Kasese ina bendi," alisema, akiutazama ukuta wa vifaa. "Wanatafuta vijana. Afande atarudi Ijumaa na lori amchukue huyu wa tarumbeta. Ni heshima kwa shule."

Hakuna aliyepiga makofi. Tulijua habari ya kijana wa Muhokya aliyechukuliwa kwa sababu ya kupiga ngoma vizuri. Nilikuwa na tabia ya kuuliza mambo mpaka mwisho, na hili nililiuliza kwa kila mtu aliyetoka upande ule. Nilichopata ni hiki tu: mama yake alimwona mara moja juu ya lori, amevaa sare. Akamwita kwa jina. Kijana akatazama mbele. Baada ya hapo hakuna aliyejua kitu.

Jioni ile kaka aliketi nyuma ya jiko akimenya muhogo ambao hakuna aliyemwambia aumenye.

"Vuka," nilimwambia. "Mjomba yuko ng'ambo, hata jioni hii utafika."

"Halafu Ijumaa watamuuliza nani? Baba." Alitupa ganda. "Nikienda wanamchukua yeye. Nikibaki wananichukua mimi. Wewe unayependa kuuliza, niulizie njia ya tatu."

Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alisema, "Muhogo unatosha, mwanangu," akaingia ndani.

Njia ya tatu aliitafuta Masta, na aliitafuta kama seremala. Kesho yake alifunga kufuli kama kawaida, akalitoa tarumbeta ukutani, akalifunga katika blanketi ya mtoto wake. Tulikuwa tukitengeneza meza mpya ya kazi, nzito, yenye sanduku chini ya ubao wa juu. Alililaza humo, na wavulana wakapigilia ubao wa chini kwa misumari. Hapakuwa na mlango wala droo. Mtu aliyetaka kulitoa ingebidi aivunje meza.

"Na ukuta?" niliuliza.

Ukuta ulikuwa kazi yangu. Nilipaka chokaa juu ya kile kivuli. Ilipokauka, wekundu ulipanda tena, ukatokeza kwa rangi ya waridi kama ngozi iliyoungua. Nikapaka tena. Ukapanda tena. Mwishowe nikaacha kuficha nikaanza kuongeza: nilinenepesha lile ua la boga likawa kopo, mwili wa tarumbeta nikauacha uwe mrija, na Masta akatundika hapo kopo letu la mafuta ya mashine lenye mdomo mrefu. Halikulingana sawasawa. Pembeni lilibaki shavu la wekundu lisilo na kazi.

Ilibaki muziki wenyewe. Ofisa angetaka kusikia kitu, na kijana mwenye pumzi kama za kaka hujulikana hata akipuliza chupa. Masta alileta mzigo wa mianzi, akatugawia misumeno midogo, tukakata eluma.

Wasiozijua niwaeleze. Eluma ni filimbi za milimani kwetu, na kila filimbi ina sauti moja tu. Fupi ina yake, ndefu ina yake. Kila mtu hushika moja, na wimbo hupatikana kwa kupokezana: wewe, kisha yule, kisha wa tatu, haraka, mpaka msikilizaji hajui sauti inatoka kwa nani. Zaidi ya hayo kuna adabu yake. Mwenzako akikosa zamu yake, humzibii pengo. Sauti yake ni yake, na kuipuliza wewe ni kumvunjia heshima. Wazee walizipiga kwenye sherehe zao. Sisi wa shule tulizionea haya.

"Masta, hizi ni za babu zetu," mvulana mmoja alilalamika. "Watatucheka."

"Bacheke," alisema Masta. "Mutu anacheka habebi mutoto wa mutu."

Ijumaa lori lilifika tukiwa ndani, mlango umefungwa, vumbi la mbao bado hewani. Tulilisikia likizima injini. Masta alitia mkono mfukoni akitafuta ufunguo, akautia mfuko mwingine, nami niliuangalia ukuta, kwa mazoea. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Ofisa aliingia na askari wawili. Alikuwa kijana zaidi kuliko nilivyodhani, na viatu vyake vilikuwa safi.

"Wapi tarumbeta?"

"Iliharibika, afande. Ilipasuka, haiko tena."

"Jumatatu mimi nasikia. Leo imepasuka?"

"Batoto, afande. Balianguka nayo."

Ofisa alitembea kando ya ukuta polepole, kidole kikifuata vivuli vyangu. Msumeno. Randa. Alifika kwenye kopo la mafuta, kidole kikasimama juu ya lile shavu la wekundu.

"Nani anachora hii?"

"Mimi, afande," nilisema.

"Wewe hapana jua kuchora." Askari wakacheka. Kidole kikaendelea.

Akaketi juu ya meza mpya, miguu ikining'inia, na tarumbeta likawa chini yake hasa. "Haya. Pigeni kitu."

Wavulana walijipanga na mianzi yao. Nilijua wimbo ule kwa moyo, lakini siku ile niliusikia kama mtu anayehesabu watu wake baada ya mafuriko. Ulikwenda vizuri. Ofisa aliinuka akapita mbele yao, sikio mbele, mmoja baada ya mwingine, akarudi nyuma. Kila alipoinama kusikiliza, sauti ilikuwa imeshahamia kwa mwingine.

"Nyamaza! Nani mkubwa ya hii?"

"Hapana mukubwa, afande. Kila mutoto iko na sauti yake moja tu."

Hakuamini. Alinyoosha fimbo yake na kuigusisha kifuani mwa kaka. Mpaka leo sijui kama alimtambua au ilitokea tu. "Wewe. Piga wewe peke yako. Wimbo yote."

Kaka aliinua mwanzi. *Pu.* Akangoja. Kimya. Aliangalia kulia, ambako wa pili angepuliza, kisha kushoto kwa wa tatu, macho yake yakimfuata kila mmoja kwa zamu. *Pu.* Akangoja tena. Wenzake walikuwa wamesimama na filimbi mikononi, na hakuna aliyeziba pengo. Wimbo wote ule aliupiga hivyo, bila kuruka mahali, *pu* na kimya kirefu, na mimi peke yangu, nadhani, niliusikia ukiwa mzima kichwani mwake.

Askari mmoja alikuwa akifuta machozi kwa kicheko. "Afande, hii ni kuku!"

"Huyu ni mgonjwa?" ofisa aliuliza.

"Hapana, afande. Anangojaka benzake."

Ofisa naye akacheka, akagonga meza kwa kiganja. Kisha akaacha kucheka. "Hii inafurahisha. Wakubwa wakipita kwenda mpakani, nyinyi mnasimama barabarani na mianzi yenu. Wote. Mkikosa, mimi nakuja kuuliza."

Lori likaondoka bila mtu.

Hivyo ndivyo kaka alivyobaki nasi, na sote tukabaki naye. Taarifa ilikuja wakati wowote, wakati mwingine katikati ya mtihani, na wavulana walipanga mstari kwenye vumbi tangu asubuhi kumngoja mkubwa ambaye mara nyingi hakupita. Tarumbeta lilibaki ndani ya meza. Nilisugua mbao kwa randa juu yake kila Jumatano. Kaka alichagua meza nyingine, ya kona. Miaka ilipita hivyo. Asubuhi bendera ilipandishwa kimya, na wanawake wa ndizi walipita bila kusimama.

Serikali yao ilipoanguka na wanajeshi wakakimbia hatimaye, walipita barabara hiyo hiyo, wakielekea mpakani, wengine bila viatu. Tulikuwa tumeshamaliza shule. Barabara ilipotulia, Masta alituita, akafunga mlango kwa kufuli kwa mazoea, akaivunja meza yake kwa patasi na nyundo. Blanketi ilikuwa imeliwa na panya. Tarumbeta lilikuwa limepauka, lakini zima.

Kaka alilifuta kwa shati. Alikwenda dirishani akaitazama barabara, huku na huku. Kisha akatoa leso mfukoni, akaikunja, akaisokomeza ndani ya mdomo mpana wa tarumbeta mpaka ikajaa.

"Wameondoka," nilimwambia. "Hakuna mtu."

"Najua," alisema.

Akapuliza wimbo wa bendera, wote, kwa sauti ambayo isingevuka ukuta ule. Masta alikuwa ameshaufungua mlango, akausukuma wazi kabisa. Kaka aliuona. Hakuitoa leso.