Siku Mama Alipoazima Viti

Sisi tuliokulia vilimani, kule juu ambako barabara ya Musaga inaishia na kazi ya miguu inaanza, tunajuana. Mtu wa rika langu ukimtajia bidoni la maji na mteremko wa kwenda kisimani asubuhi, anacheka kwanza, halafu anashika kiuno. Tulichota maji kabla ya shule, umande ukitulowesha magoti, na aliyeteleza akamwaga alirudi chini peke yake, hakuna aliyemsubiri. Wanangu hapa mjini, robine, yaani bomba la maji, ikikauka siku mbili wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeifunga.

Tulicheza mpira wa majani makavu ya mgomba, tumeufunga kwa kamba za mgomba huohuo, na mvua ikinyesha ulikuwa mzito kiasi kwamba golikipa aliuogopa. Wavulana walichonga baiskeli za mbao na kushuka nazo mlima mzima bila breki. Siku ya sikukuu tulipata ndagala, dagaa wa ziwani, waliokaangwa kwa mawese, na harufu yao ilikaa kwenye nguo zetu hadi misa ya Jumapili, nasi tulijivunia harufu hiyo kanisani. Nayasema haya kwa mapenzi, lakini nisiwadanganye wenzangu. Sikukuu zilikuwa chache. Siku nyingi tulikula mara moja, maharagwe yaliyohesabika sahanini.

Mama yetu alikuwa mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Aliolewa huku kwetu Burundi, akapanda mlima na mzigo wake kichwani, na nyumbani alitusemesha Kiswahili maisha yake yote. Baba alipofariki alibaki na sisi wawili, dada yangu Generoza na mimi, pamoja na shamba dogo la mteremko. Kwa kuwa alikuwa mgeni pale kilimani, hakutaka mtu yeyote aone shida yake. Wageni walipofika aliwapokea kwa kicheko, hata kama jiko lilikuwa baridi tangu juzi. Alitufundisha neno moja tuliloliogopa kuliko fimbo: "Njaa ni mambo ya ndani ya nyumba. Mugeni haimuhusu."

Basi mwaka ule Generoza alikuwa anamaliza darasa la sita. Alikuwa na akili, jamani. Hesabu alizifanya kwa kidole mavumbini kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Alifaulu mtihani wa kuingia sekondari, na kilichobaki kilikuwa ada, kaki mpya ya sare na madaftari, vitu ambavyo Mama hakuwa na pa kuvitoa. Ndipo ikasikika kwamba watu wa mradi mmoja watakuja kilimani. Wangepita nyumba kwa nyumba kutafuta familia maskini kabisa, na watakaoandikwa wangepewa maharagwe, blanketi na jembe, na mtoto wao mmoja angelipiwa shule.

Mama alisikia neno moja tu katika habari hiyo yote. Alisikia kwamba wageni wanakuja.

Alfajiri ya siku waliyotarajiwa alisiliba sakafu kwa samadi mbichi ya ng'ombe mpaka nyumba ikanukia upya. Alimvalisha Generoza gauni la kuazima. Kisha akaenda kwa jirani yetu, Mama Fideli, mjane kama yeye, akaazima viti viwili, meza ndogo, thermosi yenye maua mekundu na hata mbuzi, akamfunga mbele ya mlango. Generoza alimwambia polepole kwamba pengine ingekuwa vizuri waache nyumba ilivyo. Mama alimkata jicho. "Bageni bakuye batukute tunakaa chini? Apana! Mi siwezi haya ya vile."

Watu wa mradi walifika, wakaketi kwenye viti vya Mama Fideli, wakanywa chai kutoka thermosi ya Mama Fideli. Mmoja akauliza, kalamu mkononi, "Mama, munakula mara ngapi ku siku?"

Mama akatabasamu. "Mara tatu, tunashukuru Mungu. Muongeze chai?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nakumbuka Generoza alivyoinamisha kichwa, na jinsi yule mtu alivyoandika haraka, akafunga daftari, akashukuru kwa chai. Kutoka kwetu walikwenda moja kwa moja kwa Mama Fideli, ambako hawakukuta kiti, wala meza, wala mbuzi, kwa kuwa mali yake yote ilikuwa nyumbani kwetu.

Jina la Mama Fideli lilisomwa baada ya misa. La Mama halikusomwa. Mama Fideli alilia pale pale mbele ya kanisa, na siku magunia yalipofika alimwaga nusu ya maharagwe yake kwenye kapu letu, watu wote wakiona. Blanketi alilikata katikati kwa kisu. Lakini ada ya shule haikuweza kukatwa nusu. Mwanawe Fideli alikwenda sekondari, na dada yangu akashuka mjini na kikapu kidogo kufanya kazi za nyumbani kwa familia moja ya mtaa wa Mutanga Sud. Alifua nguo za watoto waliokuwa katika darasa ambalo yeye alipaswa kuwamo. Mimi nilisoma kwa mshahara wake, na hadi leo nikisaini barua kazini naona aibu kidogo ya kushika kalamu iliyokuwa yake.

Kuhusu siku ile hatukuzungumza tena. Mama hakuigusa, nasi hatukuthubutu.

Miaka ilipita. Generoza aliolewa akarudi kilimani, mume akaenda kutafuta kazi na hakurejea, akabaki na watoto watatu na Mama aliyezeeka. Mvua za kwanza zilipoanguka alilima mashamba ya wengine ili apate chakula cha siku, na lake alilipanda mwisho, kwa hiyo lilizaa kidogo, na mwaka uliofuata ilikuwa vivyo hivyo. Bintiye mkubwa, Bela, alirithi akili ya hesabu. Alipokaribia kumaliza msingi, mimi nilikuwa na wanangu wanne na mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Nilituma nilichoweza, na hakikutosha.

Mwaka juzi Generoza akanipigia simu. Mradi mwingine, tofauti na ule wa zamani, ulikuwa unapita kilimani, na safari hii hawakuleta gunia wala jembe. Walioandikwa wangetumiwa pesa kwenye simu, wazitumie wenyewe wanavyoona. Niliomba ruhusa kazini, nikapanda mlima siku hiyohiyo.

Nilimkuta Bela anatoka kwa jirani na kiti kichwani. Mama ndiye aliyemtuma. Alikuwa amekaa mlangoni na fimbo yake, anaamrisha sakafu isilibwe. Generoza alitoka ndani akamwambia mwanaye, "Bela, rudisha ile kiti."

"Generoza!" Mama alipaza sauti. "Unataka bageni bakae wapi?"

"Ku mukeka, Mama. Pale tunakaa siku zote."

Aliyekuja kutoka mradi alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya upole. Akavua viatu, akaketi mkekani, akauliza swali lilelile. Generoza alimtazama usoni. "Mara moja. Na siku ingine batoto banakula, mi apana."

Mama aliinuka kwa shida, akaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba. Hakurudi mpaka msichana alipoondoka.

Hapa mjini nasikia watu waliovaa vizuri wakisema maskini ukimpa pesa mkononi ataenda kuinywa. Wananiudhi. Mambo niliyoyaona kwa dada yangu ni haya: pesa ya kwanza ilipoingia hakwenda kulima kwa watu. Mvua ya kwanza ilimkuta shambani mwake, na mbegu mkononi, kwa mara ya kwanza tangu mume aondoke. Ya pili ilileta mbuzi, na samadi ya mbuzi ikarudi kwenye maharagwe. Ya tatu ilikuwa kaki ya Bela, viatu na madaftari ya sekondari. Sitasema yote yalikuwa mema. Jirani mmoja aliyekosa kuandikwa hamsalimii tena, na ndugu mmoja wa mume wake ambaye hatukumwona tangu harusi alitokea ghafla amevaa koti, anauliza hali ya watoto. Enzi zetu gunia lilimwagwa hadharani, kila mtu akaona na kila mtu akapata bakuli. Siku hizi simu inalia mfukoni, na ni mwenyewe tu anayejua.

Siku Bela alipoanza sekondari nilikuwepo. Tulimsindikiza hadi kona, tukarudi kuchambua maharagwe, Mama, Generoza na mimi. Mama alichambua hadi ungo wake ukajaa. Kisha akasema, bila kutuangalia, "Generoza. Ni mi nilikutoa ku masomo."

"Mama, ulikuwa unapokea bageni tu."

"Apana. Unisemee ukweli, vile ulisemea ule mutoto wa mradi."

Generoza aliweka ungo chini. Nikaona sura yake ya darasa la sita. "Ndiyo, Mama," akasema. "Ni wewe."

Mama aliitikia kwa kichwa, akamshika mkono, wakalia wote wawili. Mimi pia nililia, kwa kuwa ndiye niliyefaidika na kimya kile miaka yote.

Tulikuwa na mengi enzi zetu ambayo watoto wa leo hawayajui, na mengine nayalilia. Kufunika njaa kwa thermosi ya jirani sikulilii. Nikipanda kilimani sasa namkuta Bela ametoka shule, anasoma somo lake kwa sauti mlangoni, na Generoza ameketi kando yake, mikono imetulia mapajani, anamsikiliza mpaka mwisho. Bela anapofunga daftari, mama yake anamwomba alifungue tena.