Mwanamke wa Kumi na Nane

Ijumaa hiyo Nyaboke hakufua wala hakupika. Nesi wa watu alikuwa amejikunja kitandani, katika chumba cha kupanga mtaani Fereej Bin Mahmoud, Doha, kompyuta mapajani, simu mkononi.

Kwenye kompyuta palikuwa na picha ya mwaka 1956. Wayahudi kumi na wanane, mbele ya sinagogi la mabati, katika mji mdogo wa Bonde la Ufa kwao Kenya. Hawa walikuwa wamenusurika katika kambi za Hitler, wakaja kuanza maisha upya. Sasa wajukuu wao wanaandika kitabu cha mji huo, na Nyaboke amewasaidia miaka miwili, kila siku yake ya mapumziko akimrekodi nyanya yake, Kemunto, aliyekuwa dobi wa Wayahudi hao.

Watu kumi na saba wameshatambuliwa. Wa mwisho, mwanamke wa pembeni, aligeuka picha ikipigwa, uso ukawa ukungu mtupu. Emily, mhariri aliyeko London, ameshasema: jua likizama London Sabato ya Kiyahudi inaingia, simu anazima, na Jumapili kitabu kinakwenda kuchapwa. Lisipopatikana jina, wataandika "mgeni".

Imebaki nusu saa.

"Nyanya, toa simu sikioni. Naona nywele tu."

"Na wewe naona pua tu, mke mwenzangu. Hiyo Doha hawakulishi?" Kemunto akamtania mjukuu wake.

Melissa, anayeishi naye chumba kimoja, akaangua kicheko. Nyaboke akaielekeza simu kwenye picha. "Huyu wa mwisho ni nani?"

Kemunto akasogeza macho karibu na simu. "Uso siujui. Lakini hiyo kola naijua. Majani yale alidarizi mwenyewe, na alitaka wanga mzito hadi isimame. Nikikosea, narudishiwa. Huyo ni wa uzi wa kijani."

"Uzi gani tena?"

"Mimi sikusoma, mama. Kila nyumba niliipa uzi wake, nikaushona ndani ya pindo, nguo zisichanganyike. Wa kijani alikaa peke yake, chumba cha nyuma ya posta. Watu wake wote waliishia vitani."

Nyaboke akampigia Emily kwa simu ya Melissa. Akamweleza mbio mbio: nyuma ya posta, chumba kimoja, peke yake. Karatasi zikasikika zikipekuliwa huko London.

"Ninaye kwenye orodha ya wapangaji," Emily akasema polepole. "Alifika mwaka 1949. Hakuacha mtoto, hakuacha picha. Tulikuwa na jina lake bila sura. Nyaboke, anaitwa Gisela Adler. Naandika sasa hivi."

Melissa alikuwa amesimama juu ya kitanda chake, mikono kichwani. Nyaboke alicheka huku machozi yakimtoka.

"Mbona mnapiga kelele?" Kemunto akauliza. "Mmempata?"

"Tumempata, Nyanya. Jina lake Gisela."

"Gisela." Kemunto alilitamka kama anayeonja chumvi ya mchuzi. "Miaka sita namfulia, namwita memsaabu tu, kama mabibi wote wa Kizungu. Gisela. Haya, kaa vizuri nikueleze. Siku ya kwanza alinifungulia mlango akiwa ameshika pasi, akaniambia nimwonyeshe kwanza ninavyopiga kola pasi..."

Nyaboke akabonyeza kitufe cha kurekodi.