Koti la Baba na Tajiri Aliyefufuka

Jumapili iliyopita nilimkuta binti yangu sebuleni amekunja miguu kwenye kochi, anatafuna karanga, macho kwenye runinga. Nilikuwa nimetoka Ikuti kumfungia mteja dishi, viatu vimejaa tope, na nilichotaka ni chai tu. Kwenye kioo kulikuwa na jumba lenye ngazi mbili zinazokutana juu, na msichana wa miaka kumi na sita aliyevaa kama anakwenda kuolewa, kumbe anakwenda shule. Baba yake tajiri alikuwa ameungua ndani ya gari, wakazika, wakagombea mali. Sasa mwanamume mmoja alikuwa amesimama getini kwake, ndevu zimemjaa, na muziki ukapanda.

"Ndiye huyo?" nikauliza.

"Mama, hakufa. Alipoteza kumbukumbu tu," binti yangu akasema bila kugeuka, kama mtu anayemwelekeza mgeni chooni.

Nikaweka kikombe chini, nikatoka kusimama barazani. Mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua yetu ya Rungwe isiyo na haraka, inayoweza kuanza Jumatatu na kukufikisha Alhamisi.

Rafiki yangu, wewe unajua nilikotoka, basi niache nijisifu kidogo. Nyumba niliyosimama barazani kwake ni yangu, nimeijenga mwenyewe hapa Lufingo, vyumba vinne na bati la rangi. Stashahada yangu ya ufundi umeme imewekwa kwenye fremu sebuleni, na hakuna mjomba wala mfadhili aliyenishika mkono kuipata. Ukipita kwenye vilima hivi ukaangalia madishi juu ya mapaa, mengi nimeyafunga mimi, kwa mikono hii. Wanaume waliosema mwanamke hapandi paa leo wananipigia simu picha zikikatika. Nasema haya ili ujue kwamba mimi si mtu wa kudanganywa na runinga. Najua picha inavyofika pale.

Lakini nilianza kuijua kazi hiyo nikiwa darasa la sita, chini ya mwanzi.

Wakati huo nilikuwa nakaa na bibi, mama yake baba. Mama yangu alifariki nikiwa nanyonya, na baba alikuwa machimboni, mbali, upande wa kaskazini. Nyumba ya bibi ilikuwa ya tofali za kuchoma, imezungukwa na migomba mpaka mlangoni, hivyo usiku na mchana tulisikia majani yakipigwa na mvua. Asubuhi tulichuma chai, vidole vinakuwa vyeusi na havitakati hata kwa majivu. Mchana ilikuwa majani ya ng'ombe, maji, kuni zilizolowana zinazotoa moshi kuliko moto. Bibi alipika mbalaga, ndizi zilizochemshwa na maharage, akamwagia maziwa mgando pembeni. Nimekula kwenye hoteli nyingi tangu hapo. Sijaipata ladha ile.

Jambo tamu kuliko yote lilikuwa Jumamosi alasiri kwa jirani mwenye duka. Babu yake alikuja huku kutoka Kilwa, nao walikuwa Waislamu wachache wa pale njiapanda. Kiswahili chake kilikuwa laini hata akikutukana unashukuru. Alikuwa na runinga ndogo iliyotumia betri ya gari, na antena aliyoifunga juu ya mwanzi mrefu nje ya dirisha. Kila Jumamosi kulikuwa na marudio ya tamthilia moja ya vijana wa familia za kitajiri, iliyotoka nchi za mbali, Kiingereza kimebandikwa midomoni kiasi kwamba mtu alifunga mdomo na maneno yakaendelea.

Tulijaa sakafuni, mke wa mwenye duka akitugawia visheti, na tulibishana kuliko tulivyotazama. Kwenye tamthilia ile hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuosha sufuria. Mama mwenye nyumba alilala na hereni na wanja, akaamka navyo. Msichana mmoja aligongwa na gari, akafunguliwa bandeji, akawa mtu mwingine kabisa, mrefu zaidi, na mchumba wake hakuona tofauti. Mwenye duka alisema kwamba hospitali ile angependa kumpeleka mkewe, na mkewe akajibu kwamba aanze yeye na hicho kipara.

Picha ilipojaa chenga, mmoja alitoka nje kuzungusha mwanzi. Mmoja huyo nilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa na mkono wa kuipata picha. Nilisimama kwenye mvua nazungusha taratibu, wao wanapaza sauti kutoka ndani: hapo, rudi, umepita. Ndiyo maana sikuwahi kuona kipindi kizima. Niliona kipande, nikatoka, nikarudi nikakuta watu wamelia tayari.

Jioni bibi alinisubiri na ndizi za kumenya. Yeye hakuwahi kwenda kwa mwenye duka. Miguu ilimsumbua, na Kiswahili chenyewe alikisikia kwa shida, sembuse Kiingereza. Alitaka nimsimulie kwa Kinyakyusa. Basi nilimsimulia, na pale nilipokuwa nje kwenye mwanzi, nikajaza mwenyewe. Nilijaza vizuri. Bibi aliwafahamu watu wale kama majirani. Aliuliza kwa nini mama yule haendi shambani, na ndugu wa yule tajiri, baba mwenye nyumba, wako wapi mbona hawaji kukaa naye. Siku ndege ya tajiri ilipoanguka baharini, bibi aliacha kisu. Akauliza walimwosha nani, kama mwili haukuonekana.

Nikasema walilia sana.

Haukupita mwezi, mwanamume asiyetufahamu alifika akiwa na begi la baba. Alisema shimo liliporomoka na baba yumo, na wenye mgodi wakafukia kwa kuogopa wengine wasife. Ndani ya begi kulikuwa na koti lake la kaki, ambalo bibi alimshonea kifungo kabla hajaondoka.

Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyesimamia mambo. Wazee walikubaliana kwamba kwa kuwa mwili haupo tutazika koti, kuwe na kaburi na watu wapate mahali pa kulilia. Walipanga Alhamisi ili ndugu wa mbali wafike. Bibi alikaa ukutani na wanawake wenzake, macho makavu, na hilo liliwatisha watu kuliko kilio.

Jumamosi kabla ya Alhamisi ile nilitoroka msibani, nikaenda njiapanda. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Kwenye tamthilia walikuwa wanasoma wosia wa tajiri, watoto wake wanapigana kwenye zulia. Alikuwa amekufa, kabisa. Nikarudi nyumbani, nikamkuta bibi jikoni peke yake. Akaniuliza kwa sauti ndogo, wale watu wamefikia wapi.

Nikamwambia tajiri hakufa.

Nilisema wavuvi walimwokota ufukweni, ndevu zimemjaa, amesahau hata jina lake. Nilisema alitembea miji mingi akiuliza yeye ni nani, mpaka akafika kwenye geti la kwake bila kujua ni kwake. Bibi alisikiliza bila kupumua.

"Nani alimtambua?"

"Mama yake."

"Kwa alama gani?"

"Kwa kovu. Juu ya jicho."

Baba alikuwa na kovu kwenye nyusi ya kushoto, alipoangukia jembe akiwa mtoto. Sijui kama nilikusudia. Nimejiuliza miaka yote hii, na sijui.

Bibi aliinuka. Akaingia chumbani, akalitoa koti kwenye shuka jeupe walilolifungia, akaja nalo mpaka mbele ya wazee, akalitundika kwenye msumari wake nyuma ya mlango.

"Aliyeona mwili wa mwanangu aseme," alisema.

Hakuna aliyeuona. Yule mtu wa begi alikuwa ameshaondoka. Baba mkubwa alimbembeleza, akampigia magoti mama yake mbele ya watu, lakini bibi alikuwa ameshika mlango. Alhamisi watu walikula wakatawanyika. Kaburi lililokwishachimbwa lilijaa maji, wakalifukia tupu.

Nilipanga kusema ukweli. Kila siku nilipanga. Kisha, Jumamosi ya tatu au ya nne baada ya hapo, nikiwa nje nimeshika mwanzi, nikasikia kelele ndani. Nikachungulia dirishani. Tajiri alikuwa amesimama getini kwake, na ndevu. Mtunzi wao kule mbali, asiyejua kama Lufingo ipo duniani, alikuwa ameandika uongo wangu. Jioni ile mke wa mwenye duka alikuja mwenyewe na sahani ya visheti kumweleza bibi kwa furaha, na bibi akamjibu kwamba habari hiyo anayo siku nyingi, mjukuu wake alimwambia.

Baada ya hapo ningesema nini, na nani angenisikia?

Bibi alisubiri miaka kumi. Aliacha mlango bila komeo. Siku za soko alijikokota mpaka Tukuyu mjini na miguu ile, akisimama mbele ya wanaume wasio na kwao, wale wanaoongea peke yao, anawaomba wainue uso. Wengine walimtukana. Mmoja alilia. Watoto walianza kumfanyia mzaha, nami nilipigana nao, na ngumi zangu zilikuwa za mtu mwenye hatia. Alifariki nikiwa mwaka wa pili wa stashahada. Nilifika nikakuta ameshafungwa sanda. Waliniambia neno lake la mwisho lilikuwa kuhusu koti, lisiguswe. Nikalichukua. Limetembea nami kila nyumba niliyopanga, na sasa lilikuwa nyuma ya mlango wa nyumba yangu nzuri.

Siku tatu kabla ya Jumapili ile, baba mkubwa alikuwa amekuja. Amezeeka, anatembelea fimbo, na wazee waliokuwa naye siku ile wote wameshatangulia. Aliomba kitu kimoja: tumzike mdogo wake kabla yeye hajafa. Nilimwambia nitafikiri. Nilikuwa tayari na maneno ya bibi mdomoni: koti lisiguswe.

Niliporudi ndani kutoka barazani Jumapili ile, nilizima runinga, nikamweleza binti yangu yote haya.

"Ulikuwa mdogo, Mama," akasema. Kisha akasema, "Bibi angejua mwenyewe kwamba tajiri karudi, si ndiyo? Hata kama usingemwambia."

Nikampigia simu baba mkubwa.

Tulizika koti Alhamisi, kando ya bibi. Tulikuwa watu tisa. Migomba ya bibi imekatwa, wamepanda parachichi kwa mistari iliyonyooka, na mvua haina tena majani ya kupiga. Duka la njiapanda limefungwa siku nyingi. Mwanzi ulioza, na mle ndani sasa mtu mwingine anauza vocha za simu. Hakuna aliyejua kulia kwa Kinyakyusa kama walivyolia wanawake wa zamani. Baba mkubwa alijaribu peke yake, sauti ikamkatikia, akatulia ameegemea fimbo.

Mbele yake, kaburini, nilisema nilichopaswa kusema jikoni. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mimi pia nilikuwa natazama barabara," akasema.

Wakati wa kurudi, kwenye kona ya chini, tulipishana na mzee mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi, kofia imeshuka usoni. Umri wake ungekuwa ule wa baba. Nilikuwa nimeshika mkono wa binti yangu, stashahada yangu iko ukutani, udongo wa kaburi bado uko kwenye viatu. Nilisimama katikati ya njia, nikamsalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile", nikasubiri ainue uso.