Kamera Kubwa Niliyomchagulia Bibi

Nianze na ujinga wangu, maana bila huo yaliyofuata yasingetokea. Nilimdanganya mama kwamba mie ni mpiga picha wa klabu ya shule. Shule yetu haina klabu ya picha. Haina hata kamera. Ukisema natunga, sawa, hata mie ningekuwa wewe ningesema hivyo. Ila fulana ya msiba ninayo kabatini, na sura iliyochapwa kifuani si ya bibi yangu.

Bibi mzaa mama alikuwa anaumwa. Tulikuwa naye hapa Goba tangu aletwe kutoka Mbeya kutibiwa. Picha hakuwa nayo. Ukimwinulia simu anageuza uso, anasema picha ni mtu avae, akae, siyo kuviziwa kama mwizi wa kuku. Alikuwa na ile ya kitambulisho tu, ambayo, Mungu anisamehe, anaonekana kama ndo kakamatwa. Mama hakusema wazi, lakini sote tulijua anataka picha ya nini: ya kutangulia mbele ya jeneza. Akataka kumwita mpiga picha wa kanisani. Nikamwambia, "Mama, mtu baki wa nini? Ninunulie kamera, nitampiga mie." Mama ni mwalimu. Ukimtajia kipaji cha mtoto analegea. Akanipa hela, akasema, "Chagua unayoiweza."

Jumamosi mchana nikaingia duka moja la kamera za mtumba kule Tegeta. Si usiku, si makaburini. Jua linawaka, singeli inapigwa duka la jirani.

Muuzaji akaniwekea kamera mbili za DSLR, zile za kubadilisha lenzi, bei moja. Ndogo ilikuwa ya wanaoanza: ina gurudumu lenye alama ya kijani, ukiliweka hapo kamera inafanya kila kitu yenyewe. Kubwa ilikuwa ya mafundi: haina kijani, mwanga na kasi unapanga mwenyewe, na lenzi yake nene kama kopo la maziwa.

"Dogo, umewahi kupiga?"

"Nilikuwaga napiga kila wiki, braza."

Akatia kadi ya kuhifadhia picha, ya kujaribia, kwenye ile ndogo, akanipa, kisha akainama chini ya kaunta kutafuta chaja.

Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, alikaa bibi mmoja, kanga begani, kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Alifanana na bibi yangu kweli kweli. Nikajiambia wazee wakifika mahali wote wanafanana. Hata shikamoo sikumpa.

"Mjukuu wangu," akasema, "nipige na hiyo."

Nikaweka kijani, nikabonyeza. Alikuwa ameshajiweka sawa, kanga kainyoosha, macho kwenye lenzi. Picha ikatoka safi mpaka mikunjo ya shingo inahesabika.

"Basi chukua hiyo hiyo. Inakufichia usichokijua. Ile kubwa itakunyima sura."

"Bibi, hii ya watoto," nikamjibu. "We subiri pasipoti saizi yako."

Hakukasirika. Alinitazama tu, kama mtu anayemhurumia mwingine. Muuzaji alipoinuka nikamwonyesha ile kubwa. Akahamishia kadi humo, akanipa vyote, kamera na kadi yake. Nilipogeuka kiti kilikuwa kitupu. Niliuliza? Sikuuliza. Nilikuwa najitazama kwenye kioo cha duka na lenzi yangu.

Jumapili bibi akaogeshwa, akavaa gauni lake la Pasaka na hereni, akakalishwa barazani. Kukaa kwenyewe kulimuuma, niliona. Nikapiga. Nyeusi tii. Nikazungusha vitufe, nikapiga. Nyeupe kama uji. Nikapiga nyingine nyingi huku natabasamu kama fundi.

"Nimetoka?" akauliza.

"Umetoka bibi. Umependeza."

"Nionyeshe."

"Betri imekata, bibi."

"Haya. Utanionyesha."

Usiku huo sikulala. Jumatatu nikatoroka shule, nikarudi Tegeta kubadilisha. Muuzaji akakubali. Nikamwambia yule bibi aliyekaa hapo juzi alinionya.

"Bibi gani? Kiti hicho kimevunjika mguu mwezi sasa. Nimekiegesha tu hapo."

Nikakitazama. Niamini, kilikuwa na miguu mitatu. Nilikuwa nimeishika ile kamera ndogo mkononi simu ilipoita. Mama. Bibi amefariki.

Mjomba alipofika akaniomba kadi akachapishe fulana na picha ya jeneza. Nikampa. Akarudi amechoka, akasema zote zimeharibika isipokuwa moja, ila hiyo moja bibi katoka vizuri. Unajua nilifanya nini? Nilinyamaza. Watu wakavaa, wakalia, wakasema marehemu kapendeza. Nilitembea mbele ya jeneza nimeibeba picha ile kwenye fremu, na kila hatua niliona lile kovu, ambalo bibi yangu hakuwa nalo.

Mama alikuwa ameliona pia. Fulana ilipoletwa aliitazama, akaivaa.

Tangu hapo sijapiga picha ya mtu. Kila nikiinua simu kumpiga mtu nasikia "utanionyesha". Wewe ukienda kununua kamera, muuzaji akikuuliza unajua kiasi gani, mwambie ukweli. Na akiwepo mzee kwenye kiti, mwamkie.

Baada ya mazishi mama aliniita nyuma ya jiko. Nikamweleza yote: klabu, kijani, kiti. Hakunipiga, na ningependa angenipiga. Alisema hivi, neno kwa neno:

"Huyu ni mama mkubwa, dada yake mama, namjua kwa kovu. Alikufa mimi niko darasa la pili, yeye mzee tayari, hajapigwa picha hata moja, na mama alilia miaka yote kwamba sura ya dada yake inampotea. Sasa dada mtu tumempata. Mama yangu yuko wapi?"